Maji ya Mgongoni mwa Mama

Siku tuliyomzika mama, Bibi Nyoni alifika mapema kuliko wote, akakaa kwenye mkeka wa mbele kabisa, akalia kwa sauti, na akakataa maji. Nilimpelekea mwenyewe kwenye kikombe cha bati, nikapiga magoti kama inavyotakiwa, ingawa na mimi ni mzee sasa na magoti yangu hayapendi adabu. Alikipokea, akakitazama, akakiweka chini kando ya mkeka. "Asante mwanangu, sina kiu," akasema. Jua lilikuwa kali, ametembea kutoka ng'ambo ya mto Luhira, na midomo ilikuwa imemkauka kabisa. Sikushangaa. Kwa miaka zaidi ya hamsini alikuwa hajanywa maji ya nyumba ya mama yangu, wala yeye wala wanawake wengine wa rika lake. Walikuja kuazima ungo, walisalimia vizuri, walileta hata mboga wakati wa mvua. Maji ya mama hawakunywa, na mtoni walisubiri ajaze mtungi wake aondoke ndipo waingie wao. Nilipokuwa msichana nilidhani ninajua kwa nini. Nilijua nusu, na hiyo nusu yenyewe niliijua vibaya.

Watu wakisimulia maisha yao huanza na babu zao na mito waliyoivuka. Mimi nitaanza na mlango wetu. Ulikuwa wa matete yaliyofungwa kwa kamba za magome, ukinyanyuliwa na kuegeshwa pembeni. Baba akiunyanyua taratibu, tulikula. Akiusukuma kwa mguu, mama alinitazama mara moja tu, nami nikaenda kujibanza kati ya ghala la ulezi na ukuta, mahali penye upana wa mtoto mmoja. Kutoka pale niliona mafiga na miguu ya watu, basi. Niliijua miguu ya mama ikirudi nyuma, kisigino kikitafuta ukuta. Niliijua ya baba ikisimama imara, haina haraka yoyote. Nilijifunza kusoma miguu miaka mingi kabla masista hawajanifundisha kusoma herufi. Hata leo mtu akiusukuma mlango wangu kwa mguu kwa sababu mikono yake imejaa kuni, mimi humkaripia bure mtu asiye na kosa.

Nje ya mlango ule baba alikuwa mtu wa watu. Alikuwa mcheshi, mkarimu, mwenye mkuki mzuri na sauti ya kuongoza ngoma, na wanaume wa upande wetu walimfuata kwa kila jambo. Wengi wangeniita mwongo kama ningewaeleza kwamba mwanzo wa kiangazi cha mwaka ule alimvunja mama mkono wa kushoto kwa ajili ya bonge moja la ugali ambalo halikuiva. Mkono ulifungwa kwa vijiti, ukaunga vibaya, na tangu hapo haukuweza kufika mgongoni. Mama aliwaambia majirani kwamba aliteleza mtoni, wao wakasema mawe ya Luhira yana utelezi sana, na kila mmoja akaendelea na kazi yake.

Kiangazi hicho hicho ndipo maji yalipokuja. Mwaka ule wote watu wetu huuita mwaka wa maji, na ukisema hivyo Songea hakuna anayekuuliza maji gani. Alikuja mjumbe kutoka upande wa mashariki, wanaume wakakusanyika, wakanyunyiziwa, wakanywa, wakaambiwa kwamba risasi za Wajerumani zitawafikia zikiwa maji matupu. Mimi nilikuwa na miaka kama tisa, na sikuwaza sana juu ya Wajerumani. Askari wa boma niliwaogopa, ndiyo, kwa sababu walichukua kuku na kuwapeleka watu kwenye kazi ya barabara kwa viboko. Lakini askari walikuja mara moja moja, na baba alikuja kila jioni.

Maji yalikuwa na miko yake. Aliyenyunyiziwa hakutakiwa kumwingilia mkewe, hakutakiwa kula chumvi, wala kula chakula kilichopikwa na mwanamke mzima. Na mwiko mmoja nilioushika kuliko yote, kwa sababu baba aliutamka mwenyewe akiwa amesimama mlangoni: mkono uliopata maji usimguse mwanamke kwa namna yoyote mpaka vita iishe. Akahamia kwenye banda la wanaume. Nami, mtoto wa kike ambaye hajawa mwanamke, nikawa mpishi wake.

Nawaambieni ukweli, zile zilikuwa siku nzuri kuliko zote za utoto wangu, na naona aibu kusema hivyo nikijua zilipotupeleka. Nilisonga ugali wa ulezi kwa mwiko mrefu kuliko mkono wangu, mama akiwa amekaa mbali na mafiga, akinielekeza kwa sauti ya chini: "Punguza moto. Sasa geuza. Usiogope, geuza kwa nguvu." Mboga ilikuwa mlenda bila chumvi, na baba aliula bila kulalamika. Mlango wetu ulinyanyuliwa na sisi wenyewe tu. Mama alianza kuimba akisaga. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake ikitoka yote, na mwanzoni iliniogopesha, nikatazama nje kuona kama kuna mtu anakuja.

Kwa kuwa baba aliongoza wanaume wa upande wetu, alipewa kibuyu kidogo cha maji yale, ili asubuhi ya vita kila mmoja anyweshwe tena na kunyunyiziwa. Kingestahili kukaa kwenye banda la wanaume, ila hakuwaamini wenzake, alihofu watajizidishia. Akakitundika kwenye boriti ya nyumba yetu, juu ya ghala, kimezibwa kwa gunzi. Kwanza alinipa nionje tone moja kwenye kidole, nijue ninachokilinda. Yalikuwa mazito kidogo, yana uchungu na harufu ya mbegu za mbarika. "Wewe si mwanamke bado," akaniambia. "Kiangalie. Mama yako asikisogelee." Ilikuwa mara ya kwanza yeye kuniamini kwa jambo.

Kisha ikaja siku ile niliyopeleka chakula bandani nikasimama nje kusubiri bakuli. Ndani walikuwa wakila na kutaniana. Ngonyani, aliyekuwa kijana mdogo kuliko wote katika kundi la baba, alisema, "Kaka, siku hizi kwako kimya. Tumezoea kusikia kelele."

Baba akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri. "Mkono umefungwa na maji, mdogo wangu. Acha vita iishe. Siku zote anazopumzika nitazirudisha kwa mara moja. Safari hii atanikoma."

Wakacheka wote. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitia baridi, maana hasira hupoa. Alisema kama mtu anayepanga kulima shamba baada ya mvua. Nilichukua bakuli, nikarudi nyumbani, nikamkuta mama anaimba. Nilitaka kumwambia nikashindwa. Tangu siku ile nilianza kuogopa vita isije ikaisha. Wengine waliomba tushinde upesi. Mimi niliomba tu isiishe, na kila nilipolala niliona mkono wake.

Mtoto mwenye hofu hufikiri sana, na hufikiri kwa njia zake. Niliwaza hivi: maji yakimpata mtu, risasi humfikia ikiwa maji. Sasa fimbo si ndogo kuliko risasi? Maji yakimpata mama, fimbo ya baba itamfikia ikiwa maji, na yeye atalowa tu, kisha atajifuta. Sikuona kosa lolote katika hesabu hiyo. Nilipanga kuchukua kidogo, kiganja kimoja, baba asijue.

Ilikuwa mchana, baba na wenzake wakiwa wamekwenda kukutana na wakubwa wa vita. Mama alikuwa anaoga nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa matete, na kama kawaida aliniita nimwagie mgongoni kwa sababu ya ule mkono. Nilipanda juu ya kinu, nikashusha kibuyu, nikamimina kwenye kata yenye maji ya kuoga. Kikainama kupita nilivyotaka, yakaingia mengi, kama nusu. Nikaenda nacho uani kwa kuogopa kukiacha, nikakiweka nyuma ya mguu wangu, nikammwagia. Maji yalipita juu ya makovu yake, yale ya zamani yaliyokwisha kuwa meupe na yale mapya. Mama akanyanyua kichwa. Akanusa. Harufu ya mbarika haijifichi.

"Umeyatoa wapi haya?" akauliza bila kugeuka.

"Mtungini, mama."

 Niliona mbavu zake zikipanda na kushuka. Kisha akasema polepole, "Yamebaki?"

"Yamebaki kidogo."

"Basi mwaga yote. Yasibaki."

Nikamwaga yote. Alijifunga kaniki yake akaenda kukaa juani, mgongo ukiwa haujafutwa, na hakuimba tena siku ile. Mimi nilijaza kibuyu maji ya mtungini, nikakiziba kwa gunzi, nikakitundika. Hapo ndipo hofu ya kweli iliponishika.  Kila baba alipopita mbele ya nyumba nilikwenda kujibanza nyuma ya ghala bila mlango kuguswa na mguu wa mtu, na kibuyu kilikuwa juu ya kichwa changu, kinaning'inia.

Asubuhi ya kuondoka walikuja kama kumi na watano, wakapanga mstari mbele ya nyumba. Baba aliingia, akashusha kibuyu, akatoka. Yeye kama kiongozi alipaswa kunywa wa kwanza. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya baraza. Mama alikuwa ndani, kama miko ilivyotaka. Baba akazibua, akapiga funda moja, akalishikilia mdomoni. Nilimwona akilizungusha. Akanitazama. Yalikuwa maji ya Luhira, hayana uchungu, hayana harufu, na yeye alijua, kwa maana alinionjesha mwenyewe na sasa alinisoma usoni kama nilivyozoea kumsoma yeye miguuni. Wanaume wote walimngojea. Mmoja akauliza, "Vipi?"

Baba akameza. "Ni yenyewe," akasema.

Akapita akiwanywesha mmoja mmoja na kuwanyunyizia vifuani. Alipomaliza aliniambia, "Nenda ndani." Hakuniambia neno jingine, wala sikumwona tena.

Bunduki ya bombomu ilisikika kutoka upande wa boma, inapasua bila kupumua, na mama alinifunika masikio kwa mkono wake mzima na ule mbovu. Mlio ulipokoma tukakimbilia milima ya Matogoro pamoja na wengine. Tuliishi msituni tukila ming'oko, viazi vya porini, na majani, bila kuwasha moto mchana kwa kuogopa moshi. Kutoka juu tuliona maghala yakiungua, la kwetu likiwemo. Huko huko ndiko habari zilikotufikia kwamba wakubwa wetu wamenyongwa, na kwamba katika lile kundi la baba amerudi Ngonyani peke yake. Nilisubiri mama anitazame kwa namna fulani. Hakunitazama. Alinipa mng'oko wake akasema ameshiba.

Tuliporudi chini njaa ilikuwa imekaa kila mahali, na watu walihitaji kujua ni nani aliyeharibu maji. Siku moja nilikuwa kwenye matete ya mtoni, wanawake hawakuniona. Bibi Nyoni, wakati huo mjane kijana ambaye mumewe aliondoka katika mstari ule, alikuwa akisema, "Ni mama yule. Mume alimwingilia kabla ya vita. Kwa tamaa yao wamewamaliza waume zetu." Mwingine akasema yeye hatakunywa tena chochote kilichopita mkononi mwake.

Sasa nitasema jambo ambalo sikuwahi kuliungama hata kwa padri. Niliposikia vile, nilifurahi. Miezi yote nilikuwa nimebeba watu kumi na wanne na baba yangu, na hapo mtu mwingine alinitua mzigo. Kumbe waliharibu wao, si mimi. Nilijua kwamba kila usiku wa miko ile nililala na mama nyumba moja na mlango umefungwa kwa kamba, nilijua baba hakuingia, lakini niliamua kutojua. Mtu anaweza. Nikaanza kumwonea mama haya, kisha kinyaa. Na mimi nikaacha kunywa maji ya mtungi wake. Nikiwa na kiu nilikwenda mtoni nikanywa kwa kiganja, na mama aliniona nikienda, akainama kwenye kazi yake. Mwaka uliofuata nikaenda kukaa misheni kwa masista, nikasoma, nikafundisha, nikaolewa, na nyumbani nilikuja sikukuu kwa sikukuu. Kila nilipokuja nilibeba chupa yangu ya chai.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo siku ya msiba, wakati mzee Ngonyani aliponiita kwa fimbo yake pembeni ya nyumba. Amebaki mifupa na macho. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akaniambia nikae, kwani ana jambo na hataki kufa nalo.

"Mimi ndiye niliyewaambia wanawake," akasema. "Kuhusu mama yako. Njiani siku ile baba yako alinivuta nyuma. Akaniambia, mdogo wangu, maji yameharibika, usisimame, bombomu ikianza ulale chini kwenye nyasi. Nikamwuliza nani kaharibu. Akasema, mimi. Nimeingia kwa mke wangu. Nikamwambia basi turudi, tuwaambie wenzetu. Akasema tukirudi watataka kujua, na wakijua wataua mtu. Kisha akaenda mbele ya wote. Mimi nililala chini. Yeye alisimama."

Niliitazama fimbo yake tu. Ngonyani akadhani nimekasirika naye.

"Wajane waliniuliza, nikasema nilichoambiwa. Baadaye roho ikaniuma. Njaa ilipopungua nilimwendea mama yako, nikamwuliza kama ni kweli.  Aliniuliza kwanza, 'Yeye alisema ni nani?' Nikamwambia, alisema ni yeye na wewe. Akafikiri kidogo, akasema, 'Basi ni kweli.' Nikaondoka."

Nililia pale, na sikumlilia mama peke yake. Baba yangu nilimchukia tangu nina miaka minne, na chuki ile ilikuwa imenisaidia kusimama. Sasa mzee huyu ananiletea mtu mwingine, aliyemeza maji matupu mbele ya watu ili mimi niende ndani nikaishi. Lakini mtu huyo huyo aliwanywesha wenzake maji yale na kuwaacha wasimame. Mtu huyo huyo alimvunja mama mkono, na hata uongo wake wa mwisho ulimwangukia mama. Siwezi kuwatenganisha, nimejaribu. Na mama aliuokota uongo ule, akaubeba miaka hamsini na ushee, huku mimi nikimpita na chupa yangu ya chai. Dawa niliyommwagia ilifanya kazi kama nilivyokusudia. Hakuna mkono uliompiga tena. Hakuna mkono uliomshika pia.

Nikainuka, nikarudi kwenye mkeka. Kikombe kilikuwa pale pale, majivu yameangukia juu yake. Nikapiga magoti mbele ya Bibi Nyoni. "Bibi," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, wanawake wote wakageuka, "maji ya mwaka ule niliyamwaga mimi. Kibuyu nilikijaza maji ya mtungini. Baba hakumgusa mama."

 Bibi Nyoni alinitazama kwa macho yale yaliyomngoja mumewe tangu ujana.

"Ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Sikuwa nimemaliza kung'oa meno ya utoto."

"Na mama yako alijua?"

"Alijua."

Aligeuka kutazama udongo mpya nje ya ua.  Kisha akachukua kikombe, akayamwaga yale yenye majivu, akaninyooshea. "Yale yamepata moto," akasema. "Nichotee mengine. Kwenye mtungi wake."

Nikaingia ndani, nikachota, nikamletea. Akanywa hadi mwisho, akafuta mdomo kwa kiganja, akaninyooshea kikombe tena nimwongezee. Nilipokwisha kumchotea mara ya pili, nikachota na ya kwangu.